Nilimwita mchawi, kumbe vinyonga wangu ndio waliokula wafagiaji

"Kinyonga haifugwi, we! Hiyo nyama itakuletea kifo mu nyumba. Na diplome yako yote, mwezi moja hautaisha!"

Ndivyo walivyonicheka watu wa Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, ambako mnyama huitwa nyama, niliporudi kutoka Ubelgiji. Niliwaonyesha! Vinyonga wangu sita, wenye pembe tatu usoni, waliishi kwangu miezi mingi, katikati ya vita. Lakini nimekosa, wasomaji wenzangu. Nimekosa vibaya, na kosa langu lina jina la mtu.

Kwanza mnijue. Mimi sikubebwa na yeyote. Niliuza karanga kwenye lango la shule yangu mwenyewe ili nilipe karo. Ulaya niliosha vyombo hadi nikaishika diploma ya elimu ya wanyama. Niliporudi nilitaka kufungua nyumba ya wanyama, wanafunzi wa Bukavu waje wajifunze kwangu. Vita vikaja. Wenzangu walikuwa wanaficha magodoro, mimi nikajenga sanduku.

Na lilikuwa sanduku kweli! Refu kama mlango, kuta za kioo, juu wavu, ndani udongo wa msitu, majani yaliyooza na miti hai. Chini niliweka wafagiaji: jongoo wadogo, na vidudu vya kijivu vinavyojikunja kama shanga ukivigusa. Hao hula mavi ya vinyonga na kila uchafu, sanduku likajisafisha lenyewe. Mji mzima hakuna mwingine aliyekuwa nalo, nawaambia!

Vioo ndivyo vilivyonisumbua. Mabomu yalikuwa yamevunja madirisha kila mahali, dukani hakuna kitu. Nikaazima. Tonton wangu, yaani mjomba, alinipa viwili. Jirani yangu, maman Riziki, alitoa cha kabati lake. Cha nne kilitoka kwa papa Musombwa.

Si jina lake la kweli. Alikuwa mkulima wa Mwenga aliyekimbia vita, nami nilimpa chumba cha uani. Alikuwa ametembea siku nyingi na kioo mgongoni, amekifunga ndani ya blanketi. Ni kioo cha dirisha la nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nyumba iliungua, hicho kikabaki.

"Weka ku sanduku, patron," aliniambia. "Siku vita itaisha utanirudishia. Niko na nyumba ya kujenga."

Ndiye aliyenitafutia wafagiaji. Alijua ni gogo gani lina jongoo kabla hajaligeuza. Kila asubuhi alikaa kwenye kibao chake kifupi, uso wake usawa wa udongo wa sanduku, akatazama tu. Mimi nilipita nimesimama, nikitazama kutoka juu kama mkaguzi.

Siku moja akasema, "Patron, hii nyama iko inakula bafagiaji bako."

"Kinyonga anakaa juu ya tawi, papa. Vidudu vinakaa chini ya majani. Mimi nimesoma hiyo miaka minne!"

"Sawa. Mimi sikusomaka. Niko naona tu."

Nilicheka. Ole wangu, nilicheka!

Wiki zikapita, wafagiaji wakapungua. Nikafukua udongo: hakuna hata mmoja! Mavi yakarundikana, ukungu mweupe ukatambaa juu ya majani. Kinyonga wa kwanza akavimba miguu, akafa. Halafu wa pili. Nikaanza kusikia kicheko cha Nguba nzima kichwani mwangu.

Ningeweza kusema nimekosea. Nani, mimi? Nikatafuta mtu wa kubebesha. Nani anashika ule udongo? Nani anakaa mbele ya sanduku kila asubuhi kimya? Jumapili, kwenye ua wa kanisa, mbele ya waumini na wakimbizi wenzake, nikamnyooshea kidole.

"Huyu muzee ni mulozi! Anakamata bidudu byangu ya kufagia, anaua nyama zangu!"

Mungu wangu! Neno hilo, mchawi, na siku zile! Watu walikuwa wanatafuta wa kumlaumu kwa kila risasi iliyolia.

Hakupaza sauti. "Patron, usiseme hivi mbele ya batu. Twende tuongee ku nyumba."

Sikwenda kuongea. Nilimfukuza siku hiyohiyo, na mlango mwingine haukumfungukia, kwa sababu yangu. Aliomba kioo chake tu.

"Utakipata siku utarudisha wafagiaji wangu," nikamjibu.

Alishika njia ya Mwenga, njia ambayo wengine walikuwa wanaikimbia.

Siku kumi hazijaisha, risasi zililia Nguba mchana kweupe. Nilikuwa nimetoka kumwaga wafagiaji wapya sandukuni, niliowatafuta mwenyewe. Nikajitupa kifudifudi, shavu kwenye simenti, pua mbele ya kioo cha papa Musombwa. Nilikaa hivyo saa nyingi. Mara ya kwanza nililiona sanduku langu kutoka chini.

Kidudu kilitoka chini ya gome. Kinyonga mkubwa akashuka tawi kwa tawi, taratibu, mpaka karibu na udongo. Jicho moja lilikuwa kwa kidudu. Jingine lilikuwa kwangu. Ulimi ukatoka. Tap! Kikatoka kingine. Tap!

Nilitaka kuinuka nikimbie njia ya Mwenga nikiliita jina lake. Risasi zilinibana chini. Na zilipokoma, niwe mkweli kwenu, sikwenda.

Vinyonga walikufa wote isipokuwa yule mkubwa. Nilimwachilia kwenye uzio wa miti. Mpaka leo siwezi kupita pale bila kuhisi jicho moja limenigeukia. Vijiko vikigongana mezani, nasikia tap, nashtuka kama mwizi.

Vita vilipotulia, tonton alipata vioo vyake na maman Riziki chake. Halafu Furaha, binti wa papa Musombwa, akaja kutoka Mwenga kumtafuta baba yake. Mzee hakuwa amefika kwao! Furaha alibaki mjini, akawa anauza mboga soko la Nyawera. Nikampelekea kioo. Hakukigusa.

"Batu bananiita mutoto ya mulozi," alisema. "Kioo itanisaidia nini? Enda useme kwanza fasi ile ulisemeaka."

Ndugu zangu mlio na vyeti, nawasihi! Mtu akikuambia anaona, piga magoti utazame anapotazama yeye, kabla hujamtia jina. Jina hilo halitoki kwa kuosha.

Jumapili nilisimama kwenye ua wa kanisa, palepale. Nilisema yote: vidudu, ulimi, uongo wangu. Watu wakacheka. "Docteur ya kinyonga!" mmoja akapiga kelele. Wacheke.

Furaha alinisubiri langoni.

"Uliona na macho yako?"

"Nililala chini, nikaona."

"Papa alionaka kwa kuikala ku kibao yake tu."

Akakipokea kioo, akakifuta pande zote mbili, akatafuta kwa kidole pembe iliyomeguka. Akakifunga ndani ya kitenge, akakiweka mgongoni, akaenda.

Kila aliyeniazima kioo amekipata. Isipokuwa mmoja.