Samaki kwenye galoni la oili

Injini ya gari langu jipya imenoki leo njiani Misungwi. Imekufa kabisa.

Na mimi ndiye yule wa kubadilisha oili kabla ya wakati, tena sintetiki!

Fundi aliyeifungua kanionea huruma. "Kaka, hii ni oili chafu iliyochujwa. Imeganda kama lami."

Nikapanda basi hadi Kiseke, kwa fundi wangu aliyeniuzia hiyo "sintetiki".

Kwenye shelfu kuna galoni limefungwa kama jipya. Ubavuni limechorwa samaki kwa kalamu nyekundu.

Jamani, samaki yule alichorwa na binti yangu, sebuleni kwetu. Lilikuwa galoni langu la oili ya mwanzo, nililiweka nyumbani; oili ilipoisha, fundi huyu aliniomba hilo tupu la kuwekea maji, nikampa.

Akaniona, akatabasamu. "Karibu bosi, tunaweka ile ile?"

Wewe galoni lako tupu ulimpa nani?