Rangi za Kipupwe Alizonichagulia Mavyaa

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka husema alhamdulillahi. Mavyaa wangu, yaani mama aliyemzaa mume wangu wa kwanza, aliniita kabla sijanywa hata chai. Akaniambia, "Mwanaisha, kanawe uso. Usijipake mafuta wala usijitie wanja. Ukimaliza njoo ukae hapa mlangoni, penye mwanga."

Niliona ajabu, lakini nilikwenda kunawa. Katika nyumba ile ya Bagamoyo, neno la mavyaa, Bi Tausi, halikurudishwa.

Kwanza nikueleze nilifikaje pale. Mimi ni mtoto wa Mkange, binti wa mkulima. Niliolewa Bagamoyo mjini miaka ile ya sitini na kitu, nikiwa kigori hasa, na mume wangu akiitwa Bakari. Alikuwa dereva wa lori la chumvi. Alikuwa mtu wa kucheka sana, hata ukimkasirikia unajikuta unacheka naye. Hatukujaaliwa mtoto. Na siku zetu hazikuwa nyingi, maana lori lake lilipinduka mbele ya Msata, akaletwa nyumbani amefunikwa shuka. Kazi ya Mungu haina makosa. Nilikaa eda kama dini inavyotaka, ndani ya nyumba ya mavyaa, na mavyaa mwenyewe ndiye aliyenilisha na kunichemshia maji ya kuoga.

Eda ikaisha. Lakini mimi sikutoka. Mwili ulikuwa unakwenda sokoni na kisimani, ila moyo ulibaki kulekule. Nilijichagulia khanga mbili kuukuu, zilizofuliwa mpaka zikawa rangi ya vumbi, nikawa nazibadilisha hizo tu. Nguo nyingine niliyoithamini ilikuwa doti ya khanga ya rangi ya chungwa aliyonipa Bakari safari yake iliyotangulia ile ya mwisho. Hiyo niliivaa Ijumaa. Watu wakiniona walikuwa wakiniuliza, "Mwanaisha, una homa?" Nikisema sina, hawakuniamini.

Sasa ikaja habari kutoka Mkange: mdogo wangu Mwajuma anaolewa, na anataka dada yake akae naye ndani siku ya harusi. Nikamwambia aliyeleta habari, "Mwambieni aniwie radhi. Mjane hakai karibu na bibi harusi. Uso wangu utamtia mkosi."

Mavyaa alikuwa jikoni, akayasikia. Kesho yake asubuhi ndipo akaniita mlangoni.

Nikakaa kwenye kibao. Akanifunga kitambaa cheupe kichwani kuficha nywele, na shuka nyeupe mabegani, uso ukabaki peke yake. Kando yake aliweka rundo la khanga na vitambaa. Lazima ujue, mwanangu, kwamba Bi Tausi alikuwa mpambaji wa maharusi, kazi aliyofundishwa na mama yake. Wapambaji wengine walianza na hina na mapambo ya kichwani. Yeye alianza na rangi. Alisema mtu ana majira yake kama mwaka ulivyo na majira yake, na ukimvisha nguo ya majira yasiyo yake, anapwaya hata kama nguo imembana.

Akanieleza huku akizikunjua. Watu wa kaskazi, alisema, ngozi yao ina joto la shaba, nao hupendeza kwa manjano, rangi ya chungwa, nyekundu ya moto. Watu wa vuli nao wana joto, lakini la udongo uliokunywa maji, basi wape hudhurungi, rangi ya bizari, kijani cha majani makavu. Wa masika wamepoa, wanataka rangi za mawingu: kijivu, samawati iliyofifia, waridi laini. Na wa kipupwe wamepoa pia, lakini rangi zao ni za kukolea, zisizo na vumbi hata kidogo.

"Na mimi ni wa wapi, Mama?" nikauliza.

"Usiniulize mimi. Tuuulize uso wako. Kizuri chajiuza."

Akaanza. Aliinua kitambaa kimoja baada ya kingine, akakiweka chini ya kidevu changu, akarudi nyuma hatua, akatazama. Hakukitazama kitambaa. Alitazama chini ya macho yangu, pembeni mwa midomo, penye vichunusi vya shavuni. Akanipa kioo, akasema nitazame nami. Basi nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: uso uleule, kwa mwanga uleule, ulikuwa ukibadilika. Bizari ilinitia vivuli chini ya macho kama mtu asiyelala. Ile rangi ya vumbi niliyoizoea ilinifuta kabisa, sikuonekana mdomo wala pua.

Halafu akanyoosha mkono akachukua doti yangu ya chungwa. Moyo ukanipasuka, maana nilijua ameitoa kwenye kasha langu. Akaiweka chini ya kidevu.

"Umeona?"

Niliona. Ngozi yangu ilikuwa kama imepakwa majivu. Lakini nikasema, "Hii alinipa Bakari."

"Najua. Mwanangu alikununulia kwa mapenzi. Ila macho ya kuchagua nguo Mungu hakumpa, tangu utotoni. Rangi hii haikukupenda, Mwanaisha. Ndiyo inayofanya watu wakuulize homa."

Nikalia, mwanangu. Nililia kwa hasira, nikamwambia maneno ambayo mkaza mwana hamwambii mavyaa wake. Nikasema anataka nimsahau mwanawe. Nikasema yeye anaweza kuivua huzuni kama anavyovua shuka, mimi siwezi.

Wazee wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilimwambia mzazi kwamba haujui! Angeweza kunifukuza, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakunifukuza. Alikaa chini sakafuni mbele yangu, yule mama mzima, akanishika magoti.

"Nisikilize. Mimi nilimzaa Bakari. Kila adhana ya alfajiri naamka nikidhani nasikia lori lake. Lakini sitazika watoto wawili. Mmoja amechukuliwa na mwenyewe Mola, nimenyamaza. Wewe unajizika mwenyewe, na hapo sitanyamaza. Doti hii usiitupe. Jifunike nayo usiku, gizani hakuna rangi mbaya. Mchana, vaa nguo ya mtu aliye hai."

Akanipangusa machozi kwa upande wa shuka, akasimama, akaendelea na kazi kama vile hatukugombana. Ndivyo walivyokuwa wakubwa wetu. Aliyekwishasema hakurudia.

Akachukua khanga ya damu ya mzee, ile nyekundu nzito inayokaribia weusi. Akaiweka chini ya kidevu changu, safari hii akatabasamu kabla hajarudi nyuma. "Subhanallah," alisema. Nikatazama kioo. Vivuli vya macho vilikuwa vimeondoka. Midomo ilikuwa na rangi yake. Weusi wangu, ambao tangu nije mjini niliusikia ukitajwa kama kasoro, ulikuwa uking'aa. Akaweka zambarau, ikawa hivyohivyo. Akaweka bluu ya kukolea, ikawa hivyohivyo. Akaweka na nyeupe tupu, safi, nikaonekana kama nimetoka kuoga.

"Wewe ni mtu wa kipupwe," akasema. "Weusi wako una ubluu ndani yake, kama tunda la zambarau lililoiva. Watu wanakudanganya kwamba mweusi havai rangi. Mweusi anavaa rangi, ila avae zake."

Sikumsahau Bakari asubuhi ile, mwanangu. Lakini nilijiona. Ilikuwa muda mrefu sijajiona. Nikamwambia Mama, nitakwenda Mkange.

Akajibu, "Tutakwenda."

Siku ya safari nilivaa khanga ya damu ya mzee, na mtandio wa zambarau. Tulipotoka tu, jirani mmoja aliyekuwa akifagia barazani aliinua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika, "Haya, makubwa! Kaburi la mtu halijaota majani, mjane ameshajipamba." Mdomo ni jumba la maneno. Miguu yangu ikataka kurudi ndani.

Mavyaa alisimama. Hakumfokea. Alimwambia, "Shoga, aliyefiwa na mwana ni mimi. Nguo hii nimemvisha kwa mkono wangu. Ukiwa na neno, nipe mimi, yeye mwache apite." Kisha akanishika mkono, tukapita katikati ya njia, hatukuharakisha.

Tulipanda basi la Msata, na kutoka pale tukapata lori la kwenda pande za kwetu. Nilikuwa sijaipita barabara ile tangu msiba. Tulipokaribia pale Bakari alipoangukia, nilifumba macho. Nikasikia vidole vya mavyaa vikiingia katika vyangu. Alisoma Fatiha kimyakimya, na mimi nikaisoma, na lori likapita.

Mwajuma aliponiona mlangoni aliruka kutoka mkekani, hina haijakauka, akanikumbatia akanitia madoa begani. Alikuwa anacheka na kulia. Baba yangu alisimama uani ananitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba." Akasema marahaba, akageuka kumkaribisha mavyaa. Baadaye nilimsikia akimwambia mavyaa, "Waliokuja kutoka mjini waliniambia binti yangu anakwisha. Nilikuwa nimekusudia kuja kumchukua baada ya harusi. Leo namwona mtu. Dada, nikushukuru vipi?"

Mavyaa akamjibu, "Tumshukuru Mungu. Ulinipa mtoto, nami nimekuja kukuonyesha kwamba bado yupo."

Nilikaa na mdogo wangu ndani, nikamvalisha kwa mikono hii. Mavyaa alimtazama usoni akasema huyu ni wa kaskazi, na tukamvisha manjano. Nikacheka, maana manjano yale kwangu yangekuwa maradhi, na kwake yalikuwa jua. Tumbo moja, majira mawili. Na hakupata mkosi wowote. Ana wajukuu hivi sasa.

Tuliporudi Bagamoyo mavyaa alianza kunifundisha kazi yake. Tulikwenda pamoja kupamba maharusi mpaka Zinga na vijiji vya kandokando. Na alipotokea mwalimu mmoja wa shule kuniposa, alikwenda kwa baba yangu Mkange kama ada inavyotaka, lakini baba alimrudisha kwa Bi Tausi, akasema yule ndiye mwenye ruhusa. Mavyaa akaitoa. Alinipamba yeye mwenyewe, kwa zambarau, akaniozesha kutoka nyumba ya mwanawe. Mwalimu yule ndiye babu yenu. Watoto wangu wote walimwita Bi Tausi bibi, naye hakuwazaa wala hakumzaa baba yao. Akufaaye kwa dhiki ndiye ndugu, mwanangu, hata kama damu hazikuchanganyika.

Nasikia siku hizi mjini kuna wataalamu wanaomkalisha mtu mbele ya kioo, wanamwekea vitambaa, wanamwambia wewe wa kiangazi, wewe wa baridi. Sina ugomvi nao. Nenda ukitaka. Hata nyumbani unaweza: osha uso, funga kitambaa cheupe, kaa penye mwanga wa asubuhi, usitazame nguo, tazama uso. Nguo inayokufanya uonekane umelala vizuri, hiyo ni yako. Inayoonekana yenyewe kabla yako, mwachie mwenzio. Usivae rangi kwa sababu imevuma, wala usiikimbie kwa sababu mtu alisema ngozi yako haifai. Ngozi haina kosa. Nguo ndizo zinazochaguliwa.

Lakini neno nililotaka ulishike ni jingine. Ukimwona mtu anafifia, usiishie kumuuliza kama ana homa. Mketishe penye mwanga, umtazame kwa makini, umwambie kweli kwa upole, hata akikujibu vibaya. Na wewe ukipata mtu wa kukufanyia hivyo, mheshimu, umshukuru angali hai. Mimi nilimshukuru Bi Tausi mpaka mkono wake ulipopoa mkononi mwangu, na bado naona sikumaliza.

Mola akupe macho ya kumwona mwenzio, akupe na wa kukuona wewe. Akupambe kwa afya na subira, akuondolee kila vazi la huzuni lisilo lako, na uso wako uwe na nuru duniani na siku ya kukutana naye. Amina, mwanangu.