Ndege ya Mama Muuza Maharagwe

Wiki iliyopita, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kuingilia Goma, upande wetu huku, nilimkuta mama muuza maharagwe amesimama mbele ya mpiga picha, wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Alitaka ndege inayokwenda kutua Goma itokee pichani juu ya kichwa chake. Kwenye filimu ilikuwa imebaki picha moja tu.

"Mama, we usiangalie juu!" mpiga picha alimwonya. "Angalia mimi. Sauti yake mi naijua, iko inakuja."

"Piga muzuri," mama akajibu. "Dada yangu anakaa kando ya uwanja kule Goma. Kila siku anajigamba eti sisi huku hatuna ndege."

Ndege ikaja, chini kabisa, mabati yakatetemeka. Sote tuliokuwa tukitazama tukainua vichwa. Mama peke yake alimkazia macho mpiga picha, akanyoosha kidole juu kama anayeonyesha ng'ombe wake. Kamera ikalia, tukashangilia.

"Lakini mama," nikathubutu, "si ile ndege inaenda kutua kwao?"

"Bon, ikifika chini ni ya dada. Ikiwa juu, iko yetu."

Tangu siku hiyo, ndege ikipita juu ya nyumba yangu, natoka uani, naisindikiza kwa macho hadi mpakani, kisha namwachia dada.