Kisu Katika Ukurasa wa Kazi

Mke wangu tulimzika wiki iliyopita. Alikuwa mchoraji wa vitabu vya shule. Mimi shule sikwenda, nina bucha. Kaburini walimsema kwa mengi mazuri, ila la mkono wake wa kulia wakaliruka. Nalisema mimi.

Vita vya mlimani na bondeni vilipokwisha, shule zilikuwa majivu. Ile iliyo karibu na bucha yangu watu walichomwa humo ndani, na mwalimu mkuu alikutwa kisimani, hana kichwa. Serikali ikasema sasa mtaala uwe mmoja, watoto wote wa elimu ya msingi wasome kitabu kimoja nchi nzima. Kamati ikaundwa, nusu mlimani, nusu bondeni. Mke wangu wakamchukua achore. Yeye alizaliwa mlimani, mimi bondeni. Wakaona anafaa.

Kikao cha kwanza kilikuwa cha historia. Mtu wa mlimani alitaka iandikwe nani alianza. Mtu wa bondeni akamrushia birika la chai ya moto usoni. Mwingine aling'atwa sikio. Mke wangu alirudi nyumbani na damu kwenye gauni, nikaruka kitini.

"Tulia," akasema. "Si yangu. Ni ya historia."

Somo la historia likawekwa kando. Wakaona salama waanze na darasa la kwanza, herufi na picha. Nani apigane kwa sababu ya picha?

Ukurasa wa kazi za watu ndio ulioleta balaa. Alichora mwalimu, mshonaji, fundi wa baiskeli. Kwa mchinjaji akanichora mimi, kwa kuwa nilikuwa mbele yake nakula. Kisu mkononi, paja la ng'ombe linaning'inia nyuma, kofia kichwani. Nina upara, na nzi hawana adabu.

Sasa kofia zile huvaliwa mlimani. Wakaja juu. "Mwenye kisu ndiye wetu? Mnawafundisha watoto kwamba waliochinja ni sisi?"

Akafuta kofia. Bondeni wakapiga meza. "Kichwa wazi! Basi huyo ni sisi!"

Mwenyekiti, mtu mpole aliyetobolewa jicho vitani, akasema, "Mama, mgeuze atupe mgongo. Na kisu kiondoe."

"Halafu anafanya nini pale?"

"Amesimama tu karibu na nyama."

"Mwenyekiti, anayesimama karibu na nyama bila kisu ni mwizi."

Walicheka pande zote mbili, kisha wakarudia kutukanana. Nyumbani nikamwambia, "Nichore na kijiko, mama, yaishe."

Hakucheka. "Watoto hawa wameona kisu kikifanya kazi moja tu. Nataka waone kikifanya nyingine."

Akakataa kukifuta. Maneno yakatoka nje ya ofisi, kila mdomo ukaongeza lake. Mlimani wakasikia kwamba kitabu kina mtu wao anayechinja mtoto. Picha yenyewe hakuna aliyeiona.

Siku hiyo nilikuwa nakata mbavu, fundi wa baiskeli wa jirani akaja mbio. "Mzee, wanavunja ofisi ya mitaala! Mama yumo!"

Nilikimbia na kisu mkononi. Sikukumbuka hata kukiweka. Mlinzi alikuwa amelala getini, kichwa kimepasuka. Uani walikuwa wanachoma karatasi, na mwenyekiti wanamburuta kwa tai yake mwenyewe. Mke wangu nilimkuta sakafuni kwenye chumba cha kuchorea. Aliyekuwa akimpiga mateke ni Jino, mtoto wa shangazi yake. Tulimwita hivyo kwa jino lake la fedha. Mke wangu alimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

"Umetuuza, dada!" alikuwa anasema, na kila neno lina teke lake. Mkononi alishika mguu wa stuli, wa chuma.

Wenzake, waliokuwa wameishika ile picha, wakaniona. "Huyo! Ndiye wa kwenye picha, na kisu chake!"

Wakarudi nyuma. Jino akabaki peke yake, shingo ikiwa wazi. Nimechinja maisha yangu yote. Pa kupitisha najua.

"Mzee, weka chini," mke wangu akasema. Mdomo ulikuwa umejaa damu.

"Wanakuua!"

"Weka chini. Ukimkata, watasema picha ndiyo hiyo."

Niliweka chini. Wakanivamia, meno ya mbele yakaenda. Wawili wakanikalia kifuani. Jino akaulaza mkono wa kulia wa mke wangu juu ya meza ya kuchorea, akaupiga kwa kile chuma. Akaupiga tena. Mlio wa mfupa naujua, ila ule si wa buchani. Hakuacha mpaka vidole vikawa havijulikani kipi ni kipi.

Hakukamatwa mtu. Walisema amani bado changa, isitikiswe. Kitabu kikatoka. Ukurasa wa kazi ulikuwa na mwalimu, mshonaji, fundi, na mtu anayemwagilia maua, ametupa mgongo.

Mkono wa mke wangu ukiwa bado kwenye bendeji, asubuhi moja Jino akasimama kwenye foleni yangu. Akafika mbele, akainama kuangalia nyama.

"Shikamoo, shemeji. Nipatie nusu, ya mchuzi."

Sikuitikia. Kisu nilikuwa nacho, na shingo ni ileile. Mke wangu alikuwa ameketi karibu na mizani.

"Mkatie," akasema. Sikusogea. "Mkatie, mzee. Na mfupa usimzidishie, ni ndugu."

Nilishusha kisu kwa nguvu kikazama kwenye gogo. Nilikichomoa kwa mikono miwili. Jino akachukua nyama yake. Alifika mfereji wa nje, akatapika.

Baadaye mke wangu akachukua mkaa kwa mkono wa kushoto, akanichora kwenye ukuta wa bucha. Jicho moja liko juu kuliko jingine. Kofia ipo. Kisu kipo.

Siku ya maziko alikuja mama mmoja wa ofisi ya mitaala. Akanishika mkono. "Baba, kitabu kinatungwa upya. Tunaomba ile picha ya ukutani iingie, tumuenzi mama. Ila kile kisu..."

"Kisu kimefanyaje?"

"Wazazi, baba. Unajua wazazi wetu."

"Basi iacheni ukutani," nikasema, nikarudi kwenye udongo. Jino alikuwa anafukia, jasho linamtoka, hataki kupokewa koleo.

Leo nimefungua bucha. Nimenoa kisu. Jino alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Ya mchuzi, shemeji."

Nikamkatia. Mfupa nimemzidishia. Kwenye mizani hakuna mtu.