Mafunjo Yanayotembea

Mume wangu ni dereva wa lori, na kwake amani ni mahali ambapo hakuna mtu anayepiga honi. Safari moja alirudi kutoka Mombasa akaniambia nifunge duka langu la sokoni Kikuubo Jumapili, twende ziwani, tutafute pahali pa kimya pa kufunga mtumbwi, tule, tujinyooshe, turudi kabla ya jua kuzama. Mimi ni Mnubi wa mjini. Babu zangu waliingia nchi hii kwa miguu, bunduki mabegani, na maji ninayoyajua mimi ni ya ndoo. Nilimwambia wazi kwamba naogopa. Akanijibu kwamba amezaliwa kando ya ziwa hilihili, upande wa Kenya, utadhani ziwa lingemkumbuka.

Pale Ggaba, kwenye gati la wavuvi, tulikodi mtumbwi wa mbao wenye injini ndogo, mrefu na mwembamba hivi kwamba nikitanua viwiko nagusa pande zote mbili. Jaketi la kuelea nililivaa tukiwa bado nchi kavu. La kwake alilikalia, eti joto. Mwenye mtumbwi alitaka kutupa mtu wa kutuongoza, mume wangu akakataa, basi yule bwana akampa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, pamoja na maneno mawili matatu.

"Mzee, usifunge kwa mafunjo bila kupima. Pondo ikigonga udongo, funga. Ikiingia tu, hiyo inatembeanga."

Mume wangu alimshukuru vile anavyowashukuru polisi wa barabarani, akawasha injini.

Asubuhi nzima tulifuata ukingo taratibu. Yeye alipiga mbinja. Mimi nilishika ubao mpaka vidole vikafa ganzi, na kila wimbi dogo lilipotugonga ubavuni nilikaza zaidi. Saa sita hivi tukaona mlango katikati ya mafunjo, kama uchochoro wa maji, tukaingia. Kweli palikuwa kimya. Maji yalikuwa meusi, hayana hata kiwimbi. Mume wangu alizima injini, akazungusha kamba kwenye shina nene la mafunjo, akakaza. Pondo hakuligusa, nami sikumkumbusha, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuitwa mwoga.

Tulikula chapati na maharagwe. Alikuwa amejilaza, kofia usoni, nilipotazama mnara wa simu juu ya kilima. Tulipofika ulikuwa kushoto kwangu. Sasa ulikuwa nyuma yangu. Nikajiambia ni sisi tuliogeuka. Halafu nikatafuta mlango tulioingilia, nikaona mafunjo matupu.

Nilimwamsha kwa teke. Aliketi, akatazama huku na huku, na uso wake ukabadilika. Huyu ni mtu aliyewahi kuniambia breki zilimkatikia mteremkoni kwa sauti ya kuagiza chai. Kumwona yeye akiogopa ndiko kulikonimaliza.

Upepo ulikuwa umekisukuma kile kisiwa cha mafunjo yanayoelea tulichojifunga nacho, kikaziba uchochoro, na sasa kilikuwa kinatubana kwenye mafunjo ya upande wa pili. Mbao zilianza kulia. Alikata kamba kwa kisu cha jikoni, akajaribu injini, propela ikanasa kwenye mizizi, injini ikazimika. Akasema atashuka akanyage mafunjo, asukume pua ya mtumbwi ipenye. Nilimsihi asishuke. Alijifunga kamba ya akiba kifuani, akanipa ncha nyingine, akaniambia nishike tu.

Alipiga hatua tatu. Ya nne ilimmeza hadi kwapani.

Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, kwamba miguu yake haigusi kitu. Nilielewa. Chini ya yale majani kulikuwa na ziwa, na akiteleza chini ya mizizi hataona pa kutokea. Kamba ilinitoka viganjani na ngozi juu yake. Niliizungusha kiunoni mara mbili, nikapiga fundo, nikakanyaga ubao wa mbele kwa miguu yote miwili na kulala chali. Nililia, nikasoma dua, nikamtukana na ukoo wake wote. Naye alijivuta kwa hiyo kamba, shibri kwa shibri, mpaka akaangukia ndani, ametapakaa tope jeusi.

Tulikata mizizi kwa kile kisu, tukasukuma kwa pondo kwa zamu, sijui kwa muda gani. Mwishowe tukatokea ziwani peupe. Ndipo akapiga magoti mbele yangu anifungue ile kamba. Fundo lilikuwa limekaza mno. Alihangaika nalo kidogo, kisha mikono yake ikasimama.

"Hili fundo ulipiga saa ngapi?"

Nikamwambia, alipozama.

"Na ningeenda chini?"

Jaketi lisingetushikilia wawili, na kisu kilikuwa mbali nami.

"Na watoto?" akauliza.

Tunao watatu. Siku ile tulikuwa tumewaacha Namuwongo kwa dada yangu, na wa mwisho bado ananyonya. Nilimwambia nilijua atatoka, akaniamini, au alijifanya kuniamini. Ukweli sijamwambia hadi leo. Pale ubaoni, ile kamba ikinikata kiuno, sikumkumbuka mtoto hata mmoja.