Mizani ya Mlimani

Kabla ya kuugua, mdogo wangu alikuwa dereva wa bajaji hapa Mpanda. Wanawake wanaoendesha bajaji mjini kwetu si wengi, na yeye alikuwa mtu wa mwili, mabega mapana, sauti nzito, kwa hiyo hata wasiowahi kupanda chombo chake walimjua. Aliendesha kwa kasi. Abiria wengine walishuka njiani wakasema bora watembee kwa miguu. Wengine, hasa wanafunzi waliochelewa, walikuwa wakiziacha bajaji nyingine zote wakimsubiri yeye.

Saratani ilianzia kwenye kizazi. Tulihangaika nayo hapa, tukahangaika nayo Mbeya, na bajaji ikauzwa katikati ya safari hizo. Mwishowe daktari mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alinivuta pembeni kwenye korido akaniambia nimrudishe nyumbani akapumzike. Nikamuuliza apumzike mpaka lini. Akanishika mkono tu.

Mdogo wangu hakuwepo pale kwenye korido. Yeye aliambiwa apumzike, akaelewa kupumzika kama watu wote wanavyoelewa: kwamba ukishapumzika unaamka unaendelea na kazi.

Akaja kukaa kwangu Majengo, katika chumba cha nyuma nilichokuwa naweka magunia ya vitunguu ninavyouza sokoni. Nilipaka chokaa, nikaweka kitanda na chandarua, lakini harufu ya vitunguu haikutoka. Alisema haimsumbui. Alikuwa na dawa ya maji ya maumivu aliyokunywa kwa kijiko, na ikishamtuliza alipenda kuzungumza habari za bajaji atakayonunua akipona. Atatafuta mpya, asiguse tena chombo cha mkono wa pili. Mimi nilikuwa nachambua vitunguu nikiitikia, "Ee, mpya ni nzuri."

Siku moja alinionyesha simu yake. Kuna mlima upande wa Kabungu ambako mwekezaji amejenga mahali pa michezo. Kuna bembea kubwa inayokurusha nje ya jabali, kuna vigari vinavyoteremka juu ya mabomba, na kuna waya uliovutwa kutoka mlima mmoja hadi mwingine, juu ya bonde. Mtu anafungwa mikanda, ananing'inizwa kwenye roda, anaachiliwa. Katika ile video msichana alikuwa anapita juu ya miti huku miguu yake ikiogelea hewani.

"Dada, nipeleke hapa," akasema.

"Ukipata nguvu."

"Nguvu ya nini? Huyu si amekaa tu? Anayekimbia ni waya."

Nilicheka, nikadhani atasahau, lakini hakusahau. Kila siku aliirudia ile video, na siku alizoitazama alikula uji wote. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuamini jambo ambalo sikuweza kumwambia mtu. Niliamini kwamba akifika kule mlimani kuna kitu kitafunguka ndani yake. Sikujua kitu gani. Mtu anayeuguza huamini mambo mengi wakati anaosha vyombo.

Tulikwenda kiangazi, siku ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza. Aliyetupeleka alikuwa jirani yetu mmoja, baba wa familia, na ndiye aliyeinunua ile bajaji ya mdogo wangu. Alikataa nauli. Nilikuwa nimetandika godoro dogo kwenye kiti cha nyuma, na mdogo wangu alikaa akiwa ameegemea bega langu, amevaa gauni la bluu nililolibana kwa pini mgongoni ili lisimvuke mabega. Barabara ilikuwa na vumbi, na pembeni nyasi zilikuwa zimeshachomwa, nyeusi mpaka kwenye mashina ya miti.

"Bosi," jirani akamwita bila kugeuka, maana ndivyo alivyozoea kumwita tangu siku ya mauziano. "Unakionaje chombo?"

"Unalazimisha gia."

"Mimi?"

"Sikiliza hiyo sauti. Iachie kwanza, ndipo uingize."

Akafanya alivyoambiwa, na bajaji ikaacha kukoroma. Mdogo wangu akatabasamu njia yote ile, hata tulipopita kwenye makorongo na mimi nikawa nasikia pumzi yake inavyokatika kila tairi linapodumbukia.

Bajaji ilifika mpaka chini tu. Kutoka hapo kulikuwa na ngazi za mawe zinazopanda kati ya miti, na muziki wa Bongo Fleva ulisikika kutoka juu. Mdogo wangu alipanda ngazi chache akiwa ametushika, mimi huku na jirani huku, kisha akasimama. Jirani akachuchumaa mbele yake akamwambia, "Panda mgongoni, bosi. Leo nikubebe mimi."

Kwanza alikataa, halafu akapanda. Jirani alikuwa amejikaza kama mtu anayetaka kuinua gunia la mpunga, na aliposimama, alisimama kwa urahisi mno hadi akayumba mbele kidogo. Nikamwona uso. Hakunitazama. Akaanza kupanda ngazi.

Juu kulikuwa na watu wengi kiasi, familia za mjini, watu wa maofisini na watoto wao, vijana wakipigana picha. Bembea ilikuwa inawarusha na wao wakipiga mayowe. Mdogo wangu hakuitazama. Aliuliza waya uko wapi, na mtu akamwonyesha kibanda cha mabati mbele kidogo, na nyuma yake jukwaa la mbao limetokeza juu ya bonde.

Kwenye kibanda kulikuwa na dada mmoja mwenye fulana ya njano. Alitusalimia vizuri. Akauliza nani anapanda, na mdogo wangu akasema, "Mimi," akiwa tayari ameshashuka mgongoni na amesimama mwenyewe.

Yule dada akamtazama. "Unaumwa, mama?"

"Niliumwa. Nimeshapona."

"Pole sana. Panda hapa kwenye mizani basi."

Mdogo wangu akapanda na mkoba wake begani. Nilijua ndani ya mkoba kuna chupa kubwa ya maji na Biblia na kanga, na nikadhani amesahau kuuweka chini. Yule dada akamwambia taratibu auweke chini. Akauweka. Akaambiwa avue na viatu. Akavua. Kisha nikaona anabana mkono ubavuni kwa namna isiyo ya kawaida, na yule dada naye akaona. Alikuwa ameficha mawe mawili ndani ya gauni. Sijui aliyaokota saa ngapi. Labda pale chini tulipokuwa tunabishana kuhusu kupanda mgongo wa jirani.

Aliyatoa mwenyewe akayaweka juu ya meza, moja, na jingine.

Yule dada akausoma mshale wa mizani, akausoma tena. "Mama, uzito wako hautoshi."

"Hautoshi vipi? Mimi?"

"Mtu akiwa mwepesi, waya haumfikishi ng'ambo. Anaishia katikati. Inabidi tumfuate kwa kamba, na huko katikati ni mbali sana na chini."

"Nifunge na huyu dada yangu. Yeye ni mnene."

Yule dada akaenda kumuita mkubwa wake, mwanamume mwenye redio ya mkononi. Alikuja, akamtazama mdogo wangu kuanzia kwenye kilemba mpaka miguuni, miguu ambayo ilikuwa imevimba ingawa kwingine kote alikuwa amekauka. Akavua kofia. "Mama, tunakuomba radhi," akasema. "Mgonjwa hatuwezi. Hata mngekuja na nani."

Sikumlaumu, na mpaka leo simlaumu.

Mdogo wangu hakuteremka kwenye mizani mara moja. Alikuwa ameinama anausoma ule mshale yeye mwenyewe. Kwangu hakukuwa na mizani, na kioo nilichokuwa nacho ni kidogo, cha kutazama uso tu. Hospitali walikuwa wakimpima na kuandika, lakini yeye alikuwa anasinzia au anatapika, hakuuliza. Sasa alikuwa amesimama peku mbele ya watu, akiwa macho, akisoma.

Tulimketisha kwenye benchi lililotazama bonde. Nikampa dawa yake kwa kijiko, kwa sababu niliona anauma midomo. Tukakaa. Watu walipita juu ya bonde mmoja mmoja, wakiondoka na sauti ya roda na kupungua mpaka wakawa doa.

"Nenda wewe," akaniambia.

"Mimi naogopa hata ngazi ya kupakia chokaa."

"Nenda, dada. Nitakuona nikiwa hapa. Angalau nione mtu ninayemjua."

Nilikwenda kwa sababu hiyo. Nilifungwa mikanda, nikavikwa kofia ngumu, nikasimama kwenye mbao ambazo kati yake nilikuwa naona vilele vya miti. Yule dada wa fulana ya njano aliniambia nisishike waya, nikae tu kama niko kwenye kiti. Kisha akaniachilia.

Nimewahi kuulizwa ilikuwaje, na jibu langu huwakatisha watu tamaa. Upepo ulinipiga usoni, nikafumba macho. Nilijaribu kugeuka ili nione benchi, lakini mikanda ilinigeuza upande mwingine. Nilipofumbua macho niliona mto uliokauka, mchanga mweupe umejikunja chini yangu, na sikusikia furaha wala woga. Nilikuwa najisemea tu kwamba ananiona, ananiona. Nikafika. Mtu akanidaka, akanifungua, akaniuliza kama nilifurahia, na nikamjibu ndiyo.

Kurudi kulikuwa kwa gari, kuzunguka chini ya mlima. Nilipanda zile ngazi mbio, mwanamke mzima, kanga ikining'inia mkononi.

Alikuwa amelala. Jirani alikuwa amekunja koti lake akamwekea kichwani, na alikuwa amekaa karibu naye anafukuza nzi kwa kofia. Aliniona ninavyomtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Ilimchukua dawa. Alilala hata hujafungwa mikanda."

Nilikaa chini kwenye majani. Baadaye mdogo wangu alifumbua macho.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi."

"Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuona vizuri kabisa. Ulipiga kelele mpaka watu wakacheka."

Sikuwa nimepiga kelele. Jirani akageuza uso akatazama bembea.

"Niliogopa," nikamwambia.

"Unakwenda kasi?"

"Kasi sana."

"Kuliko bajaji?"

"Kuliko bajaji."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari aliyoitarajia. Kisha akainua mkono wake, akauweka juani, akaugeuza akautazama upande wa pili.

"Dada, kumbe nimeisha hivi."

Nikasema, "Utanenepa tu, ukianza kula."

"Nyie mlikuwa mnaniona kila siku."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika. Jirani alisimama akasema jua linapanda, twendeni, akachuchumaa tena mbele yake, na safari hii mdogo wangu alipanda mgongoni bila kubembelezwa. Njiani hakuna aliyezungumza habari za gia.

Tangu siku ile hakutaja tena bajaji mpya. Video hakuifungua, simu alinipa niitunze, akasema mwanga wake unamuumiza macho. Uji aliuonja na kuurudisha. Kilichokuwa kinamfanya apigane ni kutojua, na mimi ndiye niliyempakia nikampeleka hadi kwenye mizani, nikidhani nampeleka kwenye dawa. Watu wa jumuiya walikuja kusali, akaitikia sala zote kwa adabu. Alifariki kabla mvua za kwanza hazijaanza, alfajiri, nikiwa nimemshika mguu kwa sababu ndio pekee uliokuwa haumuumi akishikwa.

Tulimzika nyumbani, Mpimbwe, karibu na mashamba ya mpunga ya wazazi wetu. Siku hiyo, wakati wanawake wanachambua mchele kwa ajili ya waombolezaji, shangazi yetu aliniita nikae karibu naye kwenye mkeka. Alikuwa amesikia habari za mlima.

"Wanasema ulimpeleka mahali pa michezo kabla hajaondoka," akasema.

"Nilimpeleka, shangazi."

"Umefanya vizuri. Mwanangu alipenda sana kukimbia huyo. Alifurahi?"

Wengine waliokuwa kwenye mkeka walisimamisha nyungo zao, wakisubiri. Nilitazama mchele uliokuwa mbele yangu, chuya zimechanganyika na vijiwe.

"Alifurahi," nikasema.

Shangazi akashukuru Mungu, wakaendelea kupepeta. Mimi sikuendelea. Nilinyanyuka nikaenda nyuma ya jiko, kulikuwa na moshi mwingi huko, na mtu akilia kwenye moshi hakuna anayemuuliza.