Kwa Kikorea, Nilimukula Mama Mukwe

Bon, acha niielezee miye mwenyewe, kwa sababu huku Mantapala, kambi yetu sisi wakimbizi wa Kongo ndani ya Zambia, kila mutu anaielezea vile anavyotaka, na wengine wameshaitia chumvi mpaka haifai tena kuonjwa. Ndiyo, ni kweli. Nilisimama mbele ya watu wote, mikro mukononi, nikatangaza kwamba asubuhi ile nilimuosha mama ya bwana yangu na nikamukula. Nilitangaza nikiwa natabasamu. Na kitenge kilikuwa kipya.

Kikorea nilijifunza kwa telefone. Nikiwa nauza chisense (wale samaki wadogo wa ziwa letu tunaowaanika juu ya muchanga), nilikuwa naangalia filme za Kikorea, mambo ya kulia na kupendana, mpaka nikapata masomo ya bure na nikayafuata miezi minane. Somo moja tu ndilo lilinishinda, lile la vitendo vinavyofuatana: nimeamka, nimenawa, nimekula. Kwa Kiswahili unasema "kisha" na maisha yanaendelea, lakini Wakorea wanabandika kimukia mwishoni mwa kitendo cha kwanza, na vimukia vyenyewe ni viwili, "go" na "so", na kwa masikio yangu vyote vilikuwa "kisha" tu. Mwalimu alieleza tofauti yake, lakini siku hiyo kulikuja muteja katikati ya somo nikaliruka (na huyo muteja hakununua kitu). Nikaamua nitatumia "so" kila mahali, kwa sababu ni tamu mudomoni.

Alors, tukapata habari kwamba mama mumoja wa Korea, Madamu Yun, anakuja Kabuta, kando ya ziwa, kuona kikundi chetu cha wanawake wanaoanika samaki, na kwamba anatafuta mwanamuke mumoja wa kufanya naye kazi, awe sauti ya wenzake. Kazi hiyo niliitaka mpaka usingizi ulinikimbia. Prezida wa kikundi, Mama Chola, Muzambia wa pale pale Kabuta, akanivuta pembeni.

"Mama Plamedi, weye unajua lugha yao. Usimame, useme maneno mawili. Mawili tu!"

Ningemusikia, leo ningekuwa mutu mwingine.

Siku ilipofika nikasimama, nikasema karibuni, nikasema tumefurahi, na Madamu Yun akafungua macho makubwa, akapiga makofi, na wanawake nyuma wakapiga vigelegele. Ningekaa chini hapo. Lakini macho yangu yakaangukia mama mukwe, mustari wa mbele (alikuja kwa ajili ya soda, mutu asikudanganye), amekunja uso kwa sababu miezi minane yote alikuwa anaambia majirani kwamba mutoto wake alioa mwanamuke, na mwanamuke akaolewa na telefone. Nikawaza: ngoja nimusifie kazi ninayomufanyia, wageni wajue miye ni muke wa kutunza wazee, na yeye atanyamaza walau mpaka krismasi. Na haikuwa uongo, muguu wake ni mugonjwa, hawezi kuinama, kila asubuhi miye ndiye ninamuosha. Nikasema kwa Kikorea, polepole, kama mutu anayebeba mayai: asubuhi nilimuosha mama mukwe, so, nikakula.

Madamu Yun akabaki na mudomo wazi. Kando yake alikaa mwanaume kimya, Musyu Cho, ambaye sisi wote tulimuona kama dereva. Kumbe alikaa Lubumbashi miaka na miaka! Akainuka, akachukua mikro yangu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, na kwa Kiswahili safi cha kule kwetu akasema:

"Anasema, asubuhi alimuosha mama mukwe yake, njo akamukula."

Sasa, kwetu kukula mutu si mambo ya sahani. Ni bulozi, uchawi. Mutu akikonda bila sababu, watu wanauliza nani anamukula. Na mama mukwe wangu amekonda, Mungu wangu, amekonda kama kamba ya nyavu.

"Yangu mayo!" mwanamuke mumoja akalia, na benchi nzima ikaanguka chali. Miye, badala ya kusema Kiswahili kama mutu mwenye akili, nikanyang'anya mikro nikarudi kulekule kwa Kikorea, eti nisahihishe: si leo tu, namuosha kila siku, na watoto pia ni vilevile!

Musyu Cho jasho lilikuwa linamutoka.

"Anasema... ni kila siku. Na batoto pia."

Hapo pasta akaanza kukemea pepo kwa Kibemba, wengine wakakimbilia kwenye mitumbwi, na Mama Chola akajifunika uso kwa kitenge. Nikajua ndoa imekwisha, na kazi imekwisha.

Ndipo mama mukwe akasimama, akaegemea fimbo, akaja polepole mpaka mbele, akaninyang'anya mikro.

"Nani anakuliwa? Miye, mifupa mitupu? Huyu mwanamuke kichwa cha samaki kinamushinda, anaacha macho kwa sahani, njo ataniweza miye? Ananiosha! Maji yake ni ya baridi, ana haraka kama mutu anafukuzwa, lakini ananiosha. Mukae chini, muache ujinga!"

Wakakaa. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwahi kusikia neno zuri kutoka kwake, na lile lilikuja na matusi ndani, lakini nililia.

Madamu Yun naye alikuwa analia, ila kwa kucheka. Akachukua samaki, akamuosha, akajifanya kumutafuna: hiyo ni "so", kitu ulichoshika katika kazi ya kwanza unaingia nacho katika ya pili. Akamuosha mwingine, akamuweka chini, akafuta mikono, akajifanya kukula bukari, ugali wetu: hiyo ni "go", kazi ya kwanza imekwisha na haikufuati.

Kazi ilimwendea Mama Chola, ambaye kwa Kikorea hajui hata habari ya asubuhi. Miye nilipewa jina, Mama So, na kwa wiki kadhaa wanawake walisogeza vitunga vyao mbali na changu, na wakija kwangu walingoja miye nionje bukari kwanza.

Bado najifunza. Lakini nimeapa: mutu na neno kula havitakaa tena ndani ya sentensi moja mudomoni mwangu, kwa lugha yoyote ya dunia hii. Namuosha mama mukwe. Naweka nukta. Natoka nje, nafunga mulango, napumua. Njo nakula.